Chaurembo Amewika

"Zamda, kuku wako amewika! Usinigeuzie maneno, nimemsikia kwa masikio yangu haya haya!"

"Masikio gani, Mzee Mkumbo? Yale yaliyoshindwa kusikia uwanja mzima ukikupigia kelele kwamba mpira umeshikwa?"

Hapo ndipo ugomvi ulipotukuta sisi wengine, kila mtu na mswaki wake mdomoni. Mtaa wetu wa Mawe Mapacha una neema moja ambayo mitaa mingine ya Singida inatuonea wivu. Yale majabali mawili yaliyokaa katikati ya nyumba ni jukwaa tosha. Ukipanda juu unaona ua wa kila mtu na sufuria ya kila mtu. Basi tukapanda. Mwenye chai alipanda na chai yake.

Mzee Mkumbo alikuwa amesimama juu ya ndoo upande wake wa ukuta, vinaonekana kichwa na filimbi tu. Alikuwa mwamuzi wa mpira miaka na mikaka. Mwenyewe alistaafu, filimbi ikakataa. Bi Zamda, mjane wa watu, mwenye nyumba ya vyumba vinne na ulimi wa vyumba saba, alikuwa upande wake na mwiko mkononi, kwa sababu siku hiyo wakwe walikuwa wanatoka Kiomboi kuleta mahari ya binti yake, Nuriati. Na katikati yao, juu ya ukuta, akitembea kama mgeni rasmi anayekagua gwaride, alikuwa mshtakiwa mwenyewe: Chaurembo.

Chaurembo tulimjua wote. Shingo nyeupe, mgongo mwekundu, mkia unaoinama kama upinde, kilemba chekundu kichwani, na miguuni ana miiba ambayo Bi Zamda alikuwa anaipaka mafuta ya alizeti ing'ae. Alishinda urembo wa kuku kwenye maonyesho ya Nanenane mara mbili mfululizo. Majaji walisema hawajapata kuona jike lenye haiba ile.

"Jike likiwika," Mzee Mkumbo akasema, akihesabia vidole vyake ukutani, "lichinjwe siku hiyo hiyo, na kila aliyesikia ale. Aliyesikia ale! Ndivyo bibi zetu walivyotuachia. Mkosi ukigawanywa unakuwa mwepesi. Asiyekula anaubeba peke yake mpaka nyumbani kwake. Na wewe leo una wakwe, Zamda. Unataka binti yako aolewe na mkosi?"

"Hao bibi zako walikuwa na njaa tu. Kuku wangu hajawika. Kuku wangu anataga!"

"Umemwona akitaga?"

Bi Zamda akakwangua ukuta kwa mwiko. Sisi juu ya jabali tukatazamana. Bi Zamda kukosa jibu ni jambo la kuandikiwa tarehe.

Chaurembo naye akachagua wakati huo huo. Akanyoosha shingo, akapiga mbawa, akafumba macho kama mwimbaji wa kwaya, akaachia mlio. Ukapanda, ukavunjika, ukamalizikia kwa mbali kule ziwani Singidani.

"Simu ya nani hiyo?" watoto wakauliza.

Msiwacheke. Sauti ile walikuwa wanaijua kwenye simu tu, ile ya kuamshia watu. Tangu Kituo cha Kuku kilipoleta wale kuku waitwao Majike, vizazi viwili vilikuwa vimepita bila jogoo kukanyaga ardhi ya Singida. Kila msimu droni zinashuka na vifaranga, na vifaranga wote ni majike, na majike wote wanataga. Mwanzoni watu walishangilia. Siku hizi mtaani kwetu tunakula mayai mpaka watoto wanalia. Kwenye harusi ni mayai, na msibani pia. Ukimtembelea mtu anakuuliza, yakaangwe au yachemshwe? Na Majike wakachanganyika na kuku wa kienyeji, wakaugeuza uzao wote, hata tukasahau jogoo anafananaje. Ndiyo maana tulimpaka mafuta miiba na kumvika utepe wa mshindi.

"Mwiteni Daktari!" mtu akasema.

Hakuhitaji kuitwa. Daktari Elipendo alikuwa ameshatoka mbio nyumbani kwake nyuma ya jabali, ndala moja ya bluu na nyingine ya kijani, na mkononi ameshika kile kipimo chake chenye umbo la pasi. Huyu dada anafanya kazi Kituoni. Kazi yake yote ya maisha ni swali moja: kiumbe kinaamuaje kuwa dume au jike, na kwa nini maumbile hayaachi kubadilisha namna ya kuamua. Tulikuwa tunamtania kwamba amesoma miaka yote ile kujifunza jambo ambalo mkunga anajua kwa kutazama.

"Nani amewika?" akauliza, akihema.

"Hakuna aliyewika," Bi Zamda akasema.

Chaurembo akawika.

Daktari akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Tulidhani amezimia. Kumbe alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka.

---

Ilibidi apate unyoya. Chaurembo hakukubali kutoa unyoya, kwa hiyo Mzee Mkumbo alipuliza filimbi, kuku akaduwaa, Daktari akachomoa mmoja. Akauingiza kwenye kipimo. Kipimo kikaanza kunguruma.

"Wakati kinasoma," Bi Zamda akamwambia, mikono kiunoni, "nieleze kwa lugha ya watu. Huyu kuku wangu ana nini?"

"Mama, kwetu sisi watu, baba ndiye anayeamua mtoto awe wa kike au wa kiume. Kwa kuku anayeamua ni mama."

Wanawake wa juu ya jabali wakapiga vigelegele. "Umesikia, Mkumbo?"

"Mimi si kuku," Mzee Mkumbo akasema.

"Chukulia hivi," Daktari akaendelea. "Kwenye vinasaba vya kuku kuna spika inayotangaza ujogoo. Jike ana spika moja. Jogoo ana mbili, zikipiga pamoja ndipo kifaranga anasikia kwamba yeye ni dume. Kituo walichofanya ni kuingiza kinasaba cha Majike, kazi yake kupunguza sauti. Hata kifaranga akiwa na spika mbili, hazisikiki. Wote wanakuwa majike."

"Kama mjumbe anapokuja kuzima muziki wa harusi."

"Hivyo hivyo. Sasa mimi nimewaambia wakubwa zangu siku zote kwamba huwezi kuzima muziki milele. Bi Zamda, tuseme mtaa huu una wasichana watupu. Akaingia mvulana mmoja tu. Kengeza. Hana kazi."

"Ataoa!" tukajibu kwa pamoja.

"Ataletewa chai kitandani," Bi Zamda akaongeza. "Na mashemeji watagombana."

"Basi na kwa viumbe ni hivyo. Dume likiwa adimu, kinasaba chochote kitakachojitokeza na kutengeneza dume kitapata wajukuu kuliko vingine vyote. Kinaweza kuzuka popote, hata mahali ambapo kinasaba cha Majike hakijui kuna chumba. Spika mpya, waya mpya. Nimeingoja hii tangu naanza kazi."

Kipimo kikalia *ting*. Daktari akakiinamia, akakifunika kioo kwa kiganja chake.

Alichokuwa anawaza alikuja kutusimulia mwenyewe, na mimi nakuwekea hapa ili usidhani alikuwa amesahau kusoma. Kioo kilisema dume. Na kanuni ya Kituo inasema jogoo akionekana nje ya uzio, mtumishi atoe taarifa, jogoo atiwe kwenye tundu, apelekwe tanuruni. Maana jogoo mmoja mwenye spika mpya atarudisha madume mtaa hadi mtaa, na kazi yote ya Majike, ambayo mshahara wa Elipendo unatoka humo, itakuwa imekwisha. Vifaranga nusu watakuwa hawatagi. Kuna nyumba zinaishi kwa mayai hayo.

Upande wa pili, Kituoni walikuwa wamebakiwa na majogoo watatu wa kuzalishia, ndugu wa damu moja, wazee. Mmoja hawezi tena kupanda kichanja bila kusukumwa. Kila msimu mayai yasiyoanguliwa yanaongezeka, na Mkurugenzi anasema ni hali ya hewa. Wale watatu wakifa, kuku wamekwisha, jogoo kwa jike.

Na hapo mbele yake kulikuwa na njia rahisi kabisa. Aseme, "Ni jike." Mtaa ungemchinja Chaurembo kwa mkosi wake, yeye Elipendo angepewa paja, na hakuna ambaye angejua. Neno moja tu, tena la uongo mdogo.

Akatutazama juu ya jabali. Akamtazama Chaurembo, ambaye alikuwa anamtongoza kuku wa jirani kwa kumwonyesha punje ya mtama.

"Si jike," akasema. "Ni jogoo."

Hata chai haikunyweka.

Mzee Mkumbo akapuliza filimbi, ndefu. "Basi hakuna kosa! Jogoo kuwika ni kazi yake. Mkosi haupo. Mchezo uendelee!"

Daktari akashusha pumzi ya mwaka mzima. Hakuimaliza. Bi Zamda alikuwa ameutupa mwiko hewani.

"Jogoo! Jamani, jogoo! Wakwe zangu watakula jogoo!"

Mwenyezi Mungu ndiye shahidi, hatukuwa tumelifikiria. Wakwe huchinjiwa jogoo. Ndiyo heshima yenyewe. Mama zetu wote wameozesha mabinti kwa kuku jike na kuomba radhi, "Mtusamehe, ni jike tu." Mpaka radhi yenyewe imekuwa sehemu ya sherehe. Na leo Zamda, katika mitaa yote ya Singida, ana jogoo wa kweli uani! Nuriati akaanza kulia kwa fahari. Mtu akaenda kunoa kisu. Mwingine akaweka maji ya kunyonyolea. Chaurembo wa watu, akiwa jike anachinjwa kwa mkosi, akiwa jogoo anachinjwa kwa heshima.

"Hapana! Bi Zamda, subiri!" Daktari akajitupa mbele ya ukuta. Akatuambia habari ya wale majogoo watatu, na kichanja, na mayai yasiyoanguliwa. "Mkimla huyu mnakula kuku wa mwisho!"

"Mwanangu," Bi Zamda akamshika bega kwa upole, "kuku wa mwisho yuko mbali. Wakwe wako njiani, wameshapita Misigiri."

Hapo kile kipimo kikapata sauti, sauti ya msomaji wa taarifa ya habari: "Dume limethibitishwa. Taarifa imetumwa kwa Mkurugenzi. Ahsante kwa uaminifu wako."

Daktari akakitazama kama mtu anayemtazama shemeji aliyetoa siri. "Nilisahau kukizima," akasema. "Mkurugenzi atakuja na tundu."

"Atakuta mifupa," Bi Zamda akasema.

Sasa kati ya kisu na tundu, mtu msomi angeishiwa. Lakini Elipendo ni mtoto wa huku huku, amekulia kwa bibi yake kule Ilongero. Akajifuta vumbi, akauliza kwa adabu kabisa, "Mama, kwani mgeni haonyeshwi kwanza mboga yake ikiwa hai?"

Bi Zamda akasimama. Mzee Mkumbo akasema kutoka kwenye ndoo, "Anaonyeshwa. Ukichinja kabla hajaona, ni sawa na kumlisha kiporo."

"Basi nipeni mimi heshima ya kumshika mpaka wafike."

Hakuna aliyeweza kukataa. Kisu kikafutwa, kikawekwa dirishani.

---

Wakwe walifika wamevaa wakavaa. Mbele yao alikuwa baba mkubwa wa bwana harusi, Mzee Kitundu, mrefu, mkongojo mkononi, umri wake haujulikani ila yeye mwenyewe alikuwa anasema "kabla ya droni". Wakakaribishwa kivulini, wakapewa maji, salamu zikaenda na kurudi mpaka zikachoka. Kisha Bi Zamda akajitengeneza kanga, akapiga magoti, na Daktari akaja nyuma yake amemkumbatia Chaurembo.

"Baba, mboga yenu ni hii hapa. Safari hii hatuombi radhi."

Mzee Kitundu akanyoosha mikono. Akampokea yule kuku mapajani, akampapasa kilemba, akapapasa miiba iliyopakwa mafuta. Mkono wake ukasimama. Chaurembo akamgeuzia jicho moja, akafikiri, akawika pale pale, usoni kwa mgeni.

Mzee hakusogea. "Bibi yangu alikuwa na mmoja," akasema. "Alikuwa ananifukuza nikienda chooni." Akacheka mpaka mkongojo ukaanguka. Kisha akauliza, "Huyu ndiye mboga yangu?"

"Ndiye, baba."

"Nimepewa kabisa?"

"Umepewa mbele ya watu."

"Nashukuru. Naomba boksi."

"Boksi la nini, baba?"

"La kubebea. Chakula cha mgeni, mgeni akitaka anakula, asipotaka anaondoka nacho. Naenda naye Kiomboi, akanifukuze tena."

Laiti ungekuwepo. Mtaa ulioshinda kutwa unamtafutia Chaurembo kisu ukainuka kama mtu mmoja kumtetea. "Haondoki!" "Kiomboi wana nini cha kumlisha?" "Kuku kazaliwa hapa, kashinda Nanenane hapa!" Na sauti ya juu kuliko zote ilikuwa ya Bi Zamda mwenyewe, aliyesahau kwamba yuko mbele ya wakwe: "Huyu ni wa mtaa! Huwezi kumhamisha tu kama sofa!"

Wakwe wakasimama. Nuriati akajifunika uso. Mahari yalikuwa bado mfukoni mwa mtu, na mfuko ulikuwa unaelekea mlangoni.

Filimbi.

Mzee Mkumbo alikuwa ameuvuka ukuta. Hatukujua kama magoti yake bado yanaweza. Akasimama katikati ya ua, mkono juu, kama zamani. "Mzee Kitundu, kuku ni wako, hilo halina rufaa. Ila mtaa huu una majike yasiyo na mume. Sisi tunakuomba tumwazime."

Neno hilo! Hata sisi wakubwa tulikuwa tumelisikia mara ya mwisho kwa wazee. Zamani nyumba isiyo na jogoo iliazima kwa jirani, na jogoo wa kuazima hachinjwi mpaka arudi kwao na vifaranga. Ukimchinja umechinja ujirani.

Mzee Kitundu akakaa tena. Akafikiri. "Vifaranga wa kwanza?"

"Wanakwenda Kiomboi na bibi harusi," Daktari akadakia. "Nusu watakuwa majogoo, baba. Nusu hawatataga. Nakuambia mapema ili usije ukanilaumu." Akatugeukia sisi. "Na ninyi nawaambia. Mayai yatapungua. Mtaamshwa alfajiri. Na mkishawaachia, hakuna atakayeweza kuwarudisha, mimi wala Kituo. Mara ya kwanza hamkuulizwa. Leo nawauliza."

Tukatazamana. Tuliwaza mayai, yaliyokaangwa, yaliyochemshwa, ya msibani.

"Yapungue tu," akasema mtu, na jabali zima likaitikia.

"Akae kwa nani?" Mzee Kitundu akauliza.

"Kwa mtu asiye ndugu wa upande wowote," Bi Zamda akasema, akimwangalia Mkumbo. "Na awe mtu anayejua kuamka."

Hivyo ndivyo mlalamikaji alivyokabidhiwa mshtakiwa. Mahari yakatoka mfukoni. Vigelegele vikapigwa mpaka Chaurembo akaudhika.

Ndipo mtu akakumbuka jikoni. Maji ya kunyonyolea yalikuwa yanachemka bila kuku, na mboga ya wakwe ilikuwa imeazimwa. Bi Zamda akaingia, akatoka, akanong'ona na wanawake wenzake. Kilichokuwepo ni ugali wa uwele, mlenda na, Mungu atusamehe, mayai.

Wakati mikeka inatandikwa, gari la Kituo likasimama nje. Akashuka Mkurugenzi, Bwana Njiku, suti ya kijivu, tundu la chuma mkononi. Mtoto wa Mnyaturu, kwao Mgori, ingawa anaongea kama aliyezaliwa ofisini. Akasimama mlangoni.

"Daktari Elipendo. Nimepokea taarifa. Yuko wapi?"

Daktari akanyanyuka mkekani. Alikuwa anaijua kanuni, na alikuwa anajua kazi yake inaishia pale kizingitini. "Yuko kwa mwenyewe, Mkurugenzi. Wameulizwa, wamekubali. Sitamkamata."

Bwana Njiku akafungua mdomo kumjibu. Ukutani, nyuma yake, Chaurembo akawika, mlio mrefu kuliko yote ya siku ile.

Mkurugenzi akashtuka, akaugeukia ukuta. Kila mmoja wetu aliona uso wake ukirudi Mgori kwa bibi yake, aliyemfundisha kwamba aliyesikia jike likiwika lazima ale.

"Huyo… ni jike au jogoo?" akauliza, polepole.

"Wewe ndiye mwenye Kituo," Bi Zamda akasema. "Vitabu vyako si vinasema Singida hakuna jogoo? Basi kama hakuna, hilo lililowika ni jike."

Akamsogelea, akampokea tundu mkononi kama mtu anayempokea mgeni mzigo, akalitupa nyuma ya mlango.

"Umesikia, mwanangu. Nasi tumekuona ukisikia. Vua viatu, nawa mikono, ingia ule."